Kikiharibika, kitarudije?

Vifaa vya gemu vinavyouzwa mtandaoni kutoka nje vina bei inayovutia, na mara nyingi bei hiyo ni ya haki kabisa. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaoamini kwamba kila cha bei nafuu kinachotoka mbali ni feki. Padi za kuchezea gemu, vipanya, kibodi na hedifoni tunazozikuta madukani kwa sehemu kubwa zimetengenezwa China, nyingi katika viwanda vya Shenzhen na miji inayoizunguka. Ukiagiza mwenyewe unamruka mwagizaji, msambazaji na mwenye duka, na faida ya kila mmoja wao inabaki mfukoni mwako. Unafuu unatoka hapo, hakuna uchawi.

Lakini hao uliowaruka walikuwa na kazi. Kifaa kikifa baada ya wiki, ulikuwa unakibeba na risiti yako unakwenda kumwekea mwenye duka mezani. Ukimruka, kazi hiyo inakuwa yako. Kwa miaka yote niliyoagiza vifaa, hili ndilo limenifundisha kuchagua. Siku hizi nikiona kitu cha bei nzuri, kabla sijaangalia nyota za muuzaji najiuliza: kikiharibika, kitarudije? Kurudisha mzigo nje mara nyingi kunakaribia bei ya kifaa chenyewe, na wakati mwingine kunaipita. Kwa hiyo ninachoagiza ni kile ambacho hata kikifika kibovu sitahitaji kukirudisha: ama ni kidogo kiasi cha kuweza kukipoteza, ama naweza kukitengeneza mwenyewe, ama nimelipa kwa njia inayonirudishia pesa bila kurudisha mzigo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni vijiti vya padi. Kila anayecheza sana anaujua ugonjwa huu: umeachia kijiti, mikono iko mapajani, na mchezaji wako kwenye skrini anaendelea kutembea taratibu kuelekea ukutani. Ndani ya kijiti cha kawaida kuna vipande viwili vidogo vyenye njia ya kaboni, na juu yake kunasugua kidole cha chuma. Kila unaposukuma kijiti kidole kile kinakwangua kaboni. Ikilika vya kutosha, padi inaanza kusoma mwendo ambao haupo. Dawa yake ni vijiti vinavyotumia sumaku, vile vya Hall, vilivyopewa jina la mwanafizikia Edwin Hall aliyeigundua tabia hiyo mwaka 1879. Humo hakuna kinachosugua kitu: sumaku inazunguka, kihisio kinapima. Na wala si teknolojia mpya kwenye gemu, kwani padi ya Sega Dreamcast ya mwaka 1998 ilikuwa nayo tayari.

Vijiti hivyo vya sumaku vinauzwa peke yake, jozi kwa jozi, kutoka China, na nadhani hakuna ununuzi wa nje wenye faida zaidi kwa mchezaji anayejua kushika chuma cha kulehemu. Ni vyepesi, havina betri, haviogopi kutupwa tupwa njiani, na bahasha ndogo inavitosha. Kazi iko kwenye kuvifunga. Kijiti kimoja cha DualSense, padi ya konsoli ya PS5, kimeshikwa kwenye bodi kwa pini 14, na lazima zote ziachie ndipo kitoke. Mimi huongeza kwanza lehemu mpya kidogo juu ya ile ya kiwandani ili iyeyuke kwa urahisi, kisha nafyonza tundu moja moja bila kuharakisha. Ukivuta kijiti kwa nguvu wakati pini moja bado imeshika, unang'oa njia ya shaba kwenye bodi na padi imekwisha. Kikishaingia kipya bado hujamaliza, kwa sababu sumaku haisomi kama kaboni na padi inahitaji kurekebishwa upya isome sawa kijiti kikiwa kati na kikiwa pembeni. Ukimaliza kazi hiyo vizuri, padi iliyokuwa ya kutupwa inarudi mchezoni, na kile kidole cha kukwangua kaboni hakimo tena.

Ndugu yangu mdogo aliniona nikifanya hivyo akaniuliza, "Kaka, kwa nini usiagize padi nzima tu? Ziko za bei rahisi huko huko." Nikamjibu kwamba padi nzima ni habari nyingine. Ina betri, ina programu ndani, na inahitaji ruhusa ya kampuni inayotengeneza konsoli, yaani mashine ya gemu. Nikamkumbusha yaliyotokea kwenye Xbox: mwezi Novemba 2023 Microsoft ilianza kuzuia vifaa visivyo na idhini yake, na padi ambazo zilikuwa zinafanya kazi vizuri zikaanza kuleta ujumbe kwamba kifaa hicho hakiruhusiwi. Muuzaji hakudanganya alipoandika "inafanya kazi na Xbox". Siku alipoandika ilikuwa inafanya kazi. Ndiyo maana kwa padi nzima naangalia kwanza kama ina leseni ya konsoli husika, na kama ni ya kompyuta au simu basi naangalia kama mtengenezaji anaendelea kutoa masasisho ya programu yake. Kampuni kama 8BitDo, yenye makao Shenzhen, zinafanya hivyo, na hiyo ni tofauti kubwa na padi isiyo na jina ambayo baada ya kuuzwa haina wa kumuuliza.

Palepale nikamweleza na hili: padi ya PS4 inaunganishwa na PS5 vizuri tu, lakini itacheza magemu ya PS4 peke yake. Watu wengi wanakutana na hilo wakati mzigo umeshafika. Neno "inaoana" kwenye ukurasa wa muuzaji ni pana mno, na mimi hulibana: inaoana na konsoli, na gemu lipi, kwa waya au bila waya, na sauti inapita au haipiti? Namwandikia muuzaji maswali hayo kwenye sanduku la ujumbe la jukwaa lenyewe, yaani tovuti ninayonunulia. Jibu lake linabaki pale kama ushahidi. Akiniomba tuhamie kwenye programu nyingine ya ujumbe, sinunui kwake.

Kadi za kumbukumbu ni eneo ninalolichukia. Nitasema kwa nini kwa kirefu kidogo, maana hapa ndipo watu wanaumia bila kujua. Kadi feki haifiki ikiwa imekufa. Inafika nzuri, imeandikwa ukubwa unaoutaka, na ukiichomeka konsoli inakubali kwamba ni kubwa hivyo. Aliyeitengeneza amechukua kadi ndogo na kuifanya idanganye ukubwa wake. Unapakua gemu la kwanza, la pili, kila kitu shwari. Ukivuka ukubwa wake halisi, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani au inapotea tu, na unagundua siku unayotaka kufungua gemu ambalo halipo tena. Muda wa kulalamika kwa muuzaji kufikia hapo kwa kawaida umeshapita.

Kuna tiba, na ni ya bure. Programu iitwayo H2testw kwenye Windows, na F3 kwenye Linux na Mac, zinaijaza kadi yote mpaka pomoni kisha zinasoma kila kilichoandikwa. Mimi kadi yoyote ikifika, hata iliyotoka kwa muuzaji ninayemwamini, haiingii kwenye konsoli kabla ya jaribio hilo. Rafiki yangu alipokea moja ambayo kwenye kifungashio ilikuwa haina kasoro hata moja: maandishi safi, plastiki ngumu, hata alama ya kung'aa ilikuwepo. Tukaiweka kwenye kompyuta tukaacha jaribio liendelee. Kwa muda mrefu mstari ulikwenda sawa, kisha makosa yakaanza kumiminika, na matokeo yakaonyesha kwamba sehemu iliyohifadhi data kweli ilikuwa ndogo sana. Alipiga picha ya skrini ile akaiambatanisha kwenye malalamiko yake. Muuzaji hakubisha. Pesa zilirudi bila kadi kurudi.

Na kwa wenye konsoli ya Nintendo Switch 2, iliyotoka Juni 2025: magemu yake yanahitaji kadi ya microSD Express, aina yenye kasi zaidi. Kadi ya microSD ya kawaida, hata iwe halisi na ya gharama, haitayahifadhi. Jambo la aina hiyo hiyo lipo kwenye PS5. Tangu Septemba 2021 imeruhusu kuongeza SSD ya M.2, kijidiski cha kuhifadhia magemu, lakini muunganisho wake uwe wa PCIe kizazi cha 4 na iwe na bamba la kupoza joto, na Sony inapendekeza kasi ya kusoma ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi. Wauzaji wa nje wana SSD za kizazi cha 3 zenye umbo lile lile kabisa. Zinaingia kwenye nafasi yake bila shida, ila konsoli haizikubali.

Tuje kwenye hesabu, kwa sababu lengo la yote haya ni kuokoa pesa. Bei iliyo chini ya picha ni mwanzo tu. Juu yake kuna usafiri, kuna kodi, kuna ada ya anayekupitishia mzigo forodhani, na kuna benki. Benki inasahaulika kuliko vyote. Jukwaa likikuuliza ulipe kwa sarafu ya kwenu au ya muuzaji, chagua ya muuzaji ili benki yako ndiyo ibadilishe. Ukichagua ya kwenu, jukwaa linabadilisha kwa kiwango chake lenyewe, na kiwango hicho huwa kimeshawekewa faida. Halafu kadi nyingi zinatoza ada ya muamala wa nje, mara nyingi kati ya asilimia 1 na 3. Kwa kitu kidogo huioni. Kwa hedifoni nzuri utaiona.

Usafiri nao una mtego unaoitwa uzito wa ujazo. Kampuni za usafirishaji wa haraka kama DHL na FedEx zinapima boksi: urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, unagawanya kwa 5,000, unapata kilo. Kisha zinatoza kwa uzito ulio mkubwa, ule wa mizani au huu wa hesabu. Chukua boksi la usukani wa gemu lenye sentimita 50 kwa 40 kwa 35. Ujazo wake ni sentimita 70,000 za ujazo, ukigawanya unapata kilo 14, hata kama kwenye mizani una kilo nane. Utalipia kilo sita za hewa. Kwa sababu hiyo peke yake vitu vyenye maboksi makubwa yenye sponji nyingi ndani, kama viti, sukani na stendi zake, vinapoteza unafuu wote njiani.

Kodi hubadilika, na huku usitegemee simulizi ya mtu aliyeagiza miaka mitatu iliyopita. Umoja wa Ulaya ulifuta msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22 tarehe 1 Julai 2021. Marekani, iliyokuwa ikiruhusu mizigo ya mpaka dola 800 ipite bila ushuru, ilisimamisha ruhusa hiyo kwa mizigo ya China Mei 2025 na kwa nchi zote Agosti mwaka huo huo. Kila nchi ina kiwango chake na inaweza kukigeuza wakati wowote, kwa hiyo kabla ya kulipa nafungua tovuti ya forodha yenyewe. Inasaidia kujua namba ya bidhaa yako kwenye orodha ya forodha ya kimataifa: kipanya na kibodi ziko chini ya 8471.60, hedifoni ziko 8518.30, konsoli za gemu ziko 9504.50. Kifaa kikiwekwa kwenye kundi lisilo lake, ushuru unaweza kubadilika, na ukiijua namba unaweza kuzungumza na afisa kwa adabu na kwa hoja. Pia soma kama muuzaji ameandika DDP au DAP. Ya kwanza inamaanisha kodi ameshalipa yeye, ya pili inakusubiri wewe mlangoni.

Wapo wauzaji wanaokupa "msaada" wa kuandika thamani ndogo kwenye fomu ya forodha, au kuandika kwamba ni zawadi. Mimi hukataa kila mara na ninawaandikia waziwazi waandike bei niliyolipa. Ni udanganyifu kwa serikali, hilo la kwanza. La pili, mzigo ukipotea, fidia inahesabiwa kwa thamani iliyoandikwa.

Betri zina sheria zake na nyingi ni za usalama. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, betri za lithiamu-ioni zinazosafirishwa peke yake, bila kifaa, haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Zikiwa ndani ya kifaa mambo ni mepesi zaidi. Ndiyo maana padi nzima inaweza kufika haraka huku betri ya akiba ya padi hiyo hiyo ikizunguka kwa njia ndefu. Na kwenye betri hizo za akiba tazama namba. Betri ya asili ya DualSense ina mAh 1,560. Ukiona inayodai kuwa na mara mbili ya hapo, kwa umbo lile lile na bei ya chini, usiiamini. Mimi betri za akiba siagizi nje. Kitu kinachoweza kuwaka moto nyumbani mwa watu nataka kijulikane kimetoka kwa nani.

Kuhusu umeme, soma maandishi madogo ya adapta. Ikiwa imeandikwa 100–240V, itafanya kazi popote na utahitaji plagi tu. Ikiwa imeandikwa 100V pekee, hiyo ni ya Japani, na ukiichomeka kwenye 230V itaungua. Kibodi za Japani nazo zina vitufe vya ziada na kitufe cha nafasi kilichofupishwa. Ni nzuri, lakini vitufe vya rangi utakavyonunua baadaye huenda visiienee.

Sasa niseme kuhusu namba ya kufuatilia mzigo, maana ndiyo iliyoniokolea pesa nyingi kuliko punguzo lolote. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi ilikotoka, kwa mfano CN kwa China au JP kwa Japani. Muuzaji mmoja alinitumia namba sahihi kwa umbo, na mfumo ukaonyesha mzigo umekabidhiwa. Mlangoni hapakufika kitu. Nilipouliza, alinijibu kwa upole mwingi: mfumo unasema umefika, tafadhali uliza majirani. Nikatazama tena ile historia ya safari na nikaona jina la ofisi ya posta ya mwisho. Halikuwa la mji ninaoishi. Huu ni mchezo unaojulikana: muuzaji anatafuta namba ya mzigo mwingine uliokwenda nchi hiyo hiyo, anakupa kama wako, na jukwaa likitazama linaona "umekabidhiwa".

Niliandikia posta nikaomba wathibitishe kwamba mzigo wenye namba ile haukuletwa kwenye anwani yangu. Hawawezi kukuambia ulikwenda kwa nani, na ni sawa, lakini walithibitisha kwamba anwani haikuwa yangu. Nikauambatanisha uthibitisho ule kwenye malalamiko. Muuzaji akabadilika. Akaniambia atanirudishia pesa zote, hata zaidi kidogo, ila kwanza niyafunge malalamiko kwa sababu yanamharibia jina. Ombi hilo lisikulainishe moyo. Malalamiko yakifungwa, kwenye majukwaa mengi hayafunguki tena, na ahadi yake haina pa kushikwa. Niliyaacha wazi, jukwaa likaamua, pesa zikarudi kwenye kadi.

Kutoka hapo kila mzigo unapofika naurekodi video bila kukata: lebo ya nje yenye namba ikionekana vizuri, kisu kikipita kwenye gundi, kifaa kikitoka, kisha kikiwashwa. Na muda wa kulalamika nauandika kwenye kalenda ya simu siku ile ile ninayolipa. PayPal inatoa siku 180 za kufungua shauri tangu ulipolipa. Majukwaa yenyewe mara nyingi yanatoa siku chache tu baada ya mzigo kuonyeshwa umefika, na yapo yanayohesabu hata kama wewe hujaupokea. Ukiagiza karibu na mwaka mpya wa Kichina, ambao huanguka kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, viwanda na maghala hufunga na kila kitu kinasogea. Kipindi hicho siagizi chochote chenye muda mfupi wa ulinzi.

Ndugu yangu bado ana hamu ya usukani. Ameniletea picha zake, wa nje una bei nafuu kwa kiasi cha kuvutia kweli. Tulikaa tukapiga hesabu pamoja: kilo za ujazo, kodi, benki. Tofauti ikabaki ndogo, lakini ikabaki. Ndipo nikamwomba atafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kama waranti ya usukani ule inatambuliwa nje ya eneo ulikouzwa. Haitambuliwi. Usukani una mota, una mikanda au gia, una vihisio kwenye pedali, na mtu anauvuta kwa nguvu zake zote kila siku. Anaununua dukani, kwa risiti. Pedali zikianza kuchoka atanipigia, na vihisio vya sumaku vya kuziponya tutaviagiza China kwa bahasha.